Nywele za Mama Ndani ya Mashua

Hadi leo nikinusa maranda ya msonobari yaliyochanganyika na harufu ya sabuni ya unga, najiona nimeshuka tena chini kabisa ya jengo letu la Fisksätra, kule Uswidi. Upande mmoja palikuwa na mashine za kufulia za wapangaji wote, upande wa pili stoo ya jirani yetu Bi Haruko, Mjapani, binti wa fundi mashua. Mama alinituma kupeleka nguo, nami nikanasa mlangoni pa stoo ile likizo nzima ya majira ya joto. Bi Haruko alinipa patasi na msasa, akanifundisha kuchonga mashua yenye urefu wa mkono wangu. Vidole vilinivimba, na nilikuwa na furaha isiyosemeka.

Mashua ilipokamilika, nilitaka twende nayo baharini saa ileile. Alikataa. Kwao, alisema, chombo hakigusi maji mpaka kipewe roho ya kukilinda. Akatoboa shimo chini ya mlingoti, akatia dado mbili na wanasesere wawili wa karatasi, kisha akaniambia nikalete nywele kidogo za mwanamke wa nyumbani kwetu. Nyumbani mwanamke alikuwa mmoja tu. Na Bi Haruko alikuwa anahamia mbali kwa binti yake kabla shule hazijafunguliwa, kwa hiyo nikizikosa nywele, mashua yangu haielei.

Sasa mama yangu ni mtu wa Tanga. Nywele zilizobaki kwenye kitana alikuwa akizikusanya zote na kuzitupa chooni, asije mwenye roho mbaya akazichezea. Nilipomweleza, alinitolea macho.

"Nywele zangu? Wewe mtoto, umerogwa?"

"Men mamma," nikalalamika kwa Kiswidi, "ni za mashua tu!"

"Mashua ina kichwa?"

Akashuka ngazi na nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama, mimi nyuma nikilia. Nilijua ugomvi umefika. Alimuuliza Bi Haruko, kwa Kiswidi chake cha kazini, nywele hizo zinakwenda kumfanya nini mtu. Bi Haruko hakuudhika. Alimwonyesha lile shimo, akasema baba yake, katika mashua alizounda, aliweka mahali kama hapo nywele za mkewe, ili kila anayesafiri apate wa kumrudisha nyumbani.

Mama alikuwa hajarudi Tanga tangu nizaliwe. Akaniangalia, akaangalia mashua, kisha akanyoosha mkono.

"Lete mkasi. Lakini nakata mwenyewe, na shimo lizibwe mbele ya macho yangu."

Lilizibwa. Jioni hiyo sote watatu tulishuka ghubani, mashua ikayumba, ikasimama sawasawa, na aliyepiga kigelegele hadi Waswidi wakageuka ni mama yangu. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Siku hizi naishi Norsborg, mashua iko dirishani, na wanangu hawajui kushika patasi. Nikiwaita wananijibu kwa Kiswidi bila kuinua macho kwenye simu. Mama kichwa chake sasa ni cheupe chote. Kila akija kututembelea huinyanyua mashua kabla hata hajavua koti, akaitikisa sikioni mpaka dado zigonge.

"Mle ndani," huwaambia wajukuu, "mimi bado msichana."