Boga la Wakwe

Hivi nikuulize: boga kubwa, lile la kukumbatia na vidole visikutane, wewe unalisafisha tumbo kwa kitu gani? Usiniambie kisu. Kisu kinafungua mlango tu. Mimi nikisikia ile harufu ya boga bichi likipasuliwa, harufu ya majani na udongo ulionyeshewa, narudi Mlingotini, uani kwa bibi yangu mzaa mama, mtoto wa miaka tisa, mwezi wa Ramadhani, nadai nimefunga na asubuhi nimekula kiporo.

Mwaka ule dada yangu Mwajuma alikuwa kaposwa na watu wa Bagamoyo mjini. Kwetu binti akiposwa, Ramadhani ya kwanza lazima futari iende kwa wakwe, na bibi akasema atawapelekea boga zima. Linakatwa kifuniko juu, linasafishwa ndani, linamiminwa tui zito lenye sukari, iliki na unga wa mchele kidogo, linapikwa kwa mvuke mpaka tui linaganda humo humo. Wakwe wakilifunua wanajua binti katoka nyumba ya watu wenye mikono. Sasa, boga la ukubwa ule shambani lilikuwa moja tu. Mwajuma alikuwa akilipitia kila saa kama anakagua mgonjwa, analishika, anaondoka.

Bibi akakata kifuniko, akanipa mimi kazi ya kulisafisha. Akaniambia nichague chombo mwenyewe, yeye anakwenda kuswali adhuhuri. Mkekani kulikuwa na kijiko cha bati, kifuu, na kombe la chaza lililolainishwa na mchanga wa pwani. Nikaviona vyote vya kizee. Nikawaza, nazi tunaikuna kwa mbuzi, na boga nalo si lina nyama ndani? Basi nikakaa juu ya mbuzi, nikalipakata boga langu, nikaliingiza kwenye yale meno, nikaanza kulizungusha kama nakuna nazi. Wallahi lilichimbika. Nyuzi zinatoka, mbegu zinaruka, najiona fundi. Mara nikaona ndani ya boga kuna jua.

Nimelitoboa. Nikaziba tundu kwa donge la unga wa ngano, nikaligeuzia ukutani, nikaokota mbegu kama hakuna lililotokea. Baada ya alasiri bibi akaja na tui, na Mwajuma nyuma yake na iliki aliyoitwanga mwenyewe, uso unang'aa. Ule uso ndio ulionishinda. Bibi akainua kata ya tui.

"Bibi, usimimine. Nimelitoboa."

Mwajuma akakaa chini palepale, akasema ndoa yake imekufa kwa sababu ya mbuzi ya nazi. Mimi nasubiri kofi. Bibi akatia kidole kwenye tundu, akaniuliza nimetumia nini, nikamwonyesha. Akacheka mpaka akaegemea ukuta, akasema tangu azaliwe hajaona mtu anayekuna boga.

"Wewe umeangalia unachotaka kutoa," akaniambia. "Kachague tena, uangalie unachotaka kibaki."

Nikachukua kombe. Lile halina meno, linafuata tumbo la boga taratibu, linakwangua bila kuuma. Nikamaliza mwenyewe. Bibi akachonga kipande cha boga jingine dogo, akakipachika kwenye tundu, akakibana kwa vijiti vya ukuti. Tui likashika. Lilivuja machozi mawili matatu tu, likaganda.

Kesho yake bakuli tulilowapelekea boga likarudi limejaa tende, na salamu za mama mkwe: boga tamu, ila waambieni wamtaje fundi cherehani wao. Mwajuma akacheka, ndipo na mimi nikapumua. Akaolewa, kazaa saba.

Namshukuru Mungu kwa kicheko cha bibi. Angenipiga siku ile, sijui kama ningemwambia mtu kosa langu lolote tena maishani. Siku hizi mjukuu wangu Zuhura kaniletea kutoka Dar kiboksi cha vyombo vya kuchongea maboga, visumeno vidogo kama vya kuchezea, vijiko vyenye makali. Vizuri, sikatai, vingine hata sijui vinashikwa wapi. Mikono yangu inatetemeka, kwa hiyo boga la futari ya mwaka huu kalichukua yeye. Nikamwambia achague chombo anachotaka, mimi nitakuwa chumbani naswali. Akaviangalia vile vyombo, akaniangalia mimi.

"Bibi, nakuahidi," akasema. "Nikiharibu, wewe utakuwa wa kwanza kujua."