Ulimi Mweupe

Juzi sokoni Darajani niliona kopo la rangi limeandikwa "haina risasi," nikamkumbuka mwalimu wetu wa kuchora.

Kila mwisho wa somo, darasa likinuka tapentaini, alitupanga mstari. "Toeni ndimi." Siku zile watu walinong'ona hata majumbani mwao kwa kuogopa majasusi, na Ramadhani ilipoingia nikawa na hakika: huyu jasusi katumwa na mama zetu, anatafuta nani kala. Ulimi wa aliyefunga huwa mweupe, sote tukijua. Wangu ulikuwa umeiva kwa zambarau nilizokula nyuma ya choo. Nikachovya kidole kwenye rangi nyeupe, nikaupaka.

Aliponiona alinikokota mpaka mferejini, akafungua maji. "Sukutua! Usimeze! Tena!"

Nyumbani niliwahi kabla hajanisemea. "Mama, mwalimu kanitia maji kwa nguvu, kanivunjia saumu."

Kumbe kwenye ndimi zetu alikuwa akitafuta rangi. Tulikuwa tukilamba brashi zichongoke, naye peke yake alijua ile rangi ina madini ya risasi, na risasi ni sumu.

Tangu siku ile kila akimtolea mama salamu njiani, mama hakuitikia, mpaka mwalimu akafa. Nami kila mara nilikuwapo, nimeshikwa mkono na mama, ulimi wangu kinywani.