Samedi ya Recyclage

Sanduku lilifika shuleni kwetu likiwa kichwani mwa mwanafunzi wa sixième, darasa la mwisho, maana mvua ilikuwa imeharibu njia ya kupandia Kadutu, mtaa wetu wa mlimani, na gari lililolileta lilishindwa kwenye kona ya chini. Lilikuwa sanduku la bati, malle kama tunavyosema, kama yale ambayo watoto wa internat, wanaolala shuleni, huwekea nguo. Ndani hamkuwa na nguo. Mlikuwa na paneli ndogo ya sola, dinamo, vitaa, nyaya, kipimo cha umeme, kichujio cha maji, kadi za masomo, na bango kubwa lenye picha za kazi za teknolojia ya mazingira. Miaka yote nilikuwa nimefundisha teknolojia kwa chaki na mdomo. Umeme nilikuwa nauchora ubaoni. Siku hiyo nilifunga mlango wa darasa nikachezea vile vitu peke yangu, hadi mlinzi akaja kuuliza kama nimelala humo. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Wanafunzi walilipenda bango. Lilionyesha fundi wa sola, mpimaji wa maji, mjenzi wa mitambo ya biogazi na mtu anayegeuza plastiki kuwa vigae. Wote walikuwa na kofia ngumu, wote wanacheka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na tope kwenye viatu, jambo lililotushangaza sana sisi watu wa Bukavu. Msichana mmoja alilikagua kutoka juu hadi chini.

"Madame, na mwalimu iko wapi?"

"Mwalimu njo anashika bango," nilimjibu.

Darasa zima likacheka, na mimi pia. Lakini swali lile lilinikaa moyoni kidogo.

Tatizo ni kwamba sanduku lilikuwa la kuazimwa. Mama aliyesimamia mradi huo, mwenye sauti ya upole na macho yasiyodanganyika, aliniambia wazi kwamba angekuja Jumamosi moja kuona wanafunzi wakifanya somo. Alitaka aone vifaa vya sanduku vikitumika pamoja na vitu vya mtaani kwetu. Asipoona somo, angelipeleka sanduku mji mwingine. Mimi nililitaka libaki. Nililitaka kuliko kitu chochote cha shule nilichowahi kukishika.

Nikachagua chupa za plastiki. Hapa kwetu somo hilo halina haja ya utangulizi. Mvua ikinyesha, chupa hushuka na mifereji hadi ziwani, ziwa huzisukuma hadi mlangoni mwa mto Ruzizi, na huko huziba mitambo ya bwawa. Courant, yaani umeme, inakatika. Tunanung'unika gizani, halafu kesho yake tunatupa chupa zingine. Wazo langu lilikuwa kukata chupa ziwe mapanga ya gurudumu dogo, kuliunga na dinamo, na kulimwagia maji mpaka taa iwake. Chupa zinazotuzimia taa zituwashie.

Ili wazazi wawaachie watoto na chupa zao, niliandika communiqué, yaani tangazo, na nikaomba isomwe pia kanisani, kwenye matangazo ya Jumapili. Niliandika haraka, kwa kujiamini: "Samedi saa tatu kutakuwa recyclage ku école yetu. Kila mutu alete matériel yake."

Kwangu mimi, niliyekuwa nalala na zile kadi za masomo, recyclage ilikuwa chupa, takataka kugeuzwa kitu kipya. Kwa mtu mwingine yeyote wa mji huu, recyclage ni walimu. Ni ile semina ya kuwanoa upya, yenye kalamu za bure, mkate na sucré, soda ya baridi, na brevet, cheti cha kutundika sebuleni. Wanafunzi nao wanajua jambo moja tu kuhusu recyclage, kwamba siku hiyo hakuna masomo.

Jumamosi nilipoingia darasani hapakuwa na mtoto hata mmoja. Walikuwepo walimu, madawati yote yamejaa. Walitoka shule za jirani na za mbali, wengine sijawahi kuwaona, wenye tai na mikoba. Maman mmoja wa primaire, shule ya msingi, alivaa kitenge cha sikukuu. Kwenye dawati la mbele kabisa alikaa mzee wa suti ya kijivu, mwalimu wa hesabu kutoka Kasha, mbali pembeni mwa mji, na viatu vyake viling'aa kiasi kwamba nadhani alivibeba mkononi njia nzima.

"Bonjour Madame," alisema. "Tuko tayari. Matériel njo hii." Akanionyesha kalamu ya bic, rula na kompasi ya mbao.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nje nilimkuta préfet wetu wa masomo, mkuu wa shule, anafuta machozi ya kicheko, nikamkasirikia kana kwamba ni yeye aliyeandika communiqué. Kule chini gari la mgeni wetu, yule mama wa mradi, lilikuwa limeshasimama, na yeye ameanza kupanda kwa miguu.

Nikarudi ndani nikasema ukweli. "Ba collègues, munisamehe. Recyclage yenye nilisema iko ya chupa."

"Ya chupa?"

"Na sucré?" akauliza mwingine, kwa uchungu wa kweli.

Mmoja alibeba mkoba wake akatoka, na wachache wakamfuata. Sikuwalaumu. Mzee wa Kasha hakuinuka.

"Madame, miye niko nafundisha tangu zamani sana," alisema polepole. "Hakuna mutu alishaka niita ku recyclage. Nilisikia ku kanisa, bibi yangu akapiga suti pasi. Siwezi rudia ku nyumba bure. Chupa ziko wapi?"

Aliniuma roho yule mzee, na papo hapo nikataka kucheka.

Chupa zilikuwa kwenye korongo nyuma ya shule, mahali pa chupa za mtaa mzima. Tulishuka. Maman wa primaire alishika uongozi kama tuko première, darasa la kwanza: "Muji-ranger! Mupange mustari! Musisukumane!" Tai zilitupwa mabegani. Mzee alipojaza mikono alivua tai yake, akazifunga chupa humo kwa shingo zao, moja moja, akaivaa tena tai hiyo na kupanda nazo zikigongana kifuani. Viatu vyake sikuthubutu kuvitazama.

Mgeni alitukuta tunakata plastiki. Akasimama mlangoni.

"Madame, banafunzi beko wapi?"

Mzee akainuka, akajiweka sawa kando ya dawati, akanyoosha kidole juu.

"Présent."

"Présente," akasema maman wa primaire. Kisha darasa zima, dawati kwa dawati, présent, présent, mpaka mgeni akauma mdomo asicheke.

Gurudumu la kwanza liligoma. Tulibishana kama wauza samaki, tukatengeneza lingine. Nilimwaga maji kwa bidon, likaanza kuzunguka, kitaa kikawaka hafifu, kisha vizuri. Watu wazima wale walipiga kelele zile zile ambazo mtaa mzima hupiga courant inaporudi.

Mgeni akanivuta pembeni. "Maman, nilisema sanduku iko ya banafunzi. Banafunzi sijaona." Kisha akageuka kutazama darasa. Walikuwa wanagombania nani achukue sanduku kwanza, na mzee alikuwa ameshachora zamu za shule ubaoni kwa rula. "Haitabakia kwako," aliniambia. "Lakini haitatoka Bukavu. Izunguke."

Nilikasirika, sifichi. Jasho langu, communiqué yangu, aibu yangu, halafu sanduku linaondoka juu ya pikipiki ya taxi-moto kwenda Kasha! Wanafunzi wangu waliniangalia kama mtu aliyegawa mbuzi wa nyumbani. Nikarudia kuchora umeme ubaoni, na niliuchora vibaya makusudi.

Lilirudi mwishoni mwa mwaka wa shule, limebebwa na watu wawili, maana kichwa kimoja kisingeliweza tena. Kipimo kilikuwa kimepasuka na kufungwa kwa plasta ya sparadra. Lakini kila shule ilikuwa imeongeza kitu: magurudumu ya chupa, chujio la mchanga na makaa, kadi mpya zilizoandikwa kwa Kiswahili chetu. Chini kabisa palikuwa na bango, limekunjwakunjwa.

Nililibandika ukutani. Katikati ya wale wenye kofia ngumu, mtu alikuwa ameongeza mwingine kwa bic, mistari yake imenyooka kwa rula. Ni mzee wa suti, na tai yake ina chupa. Chini yake palikuwa na neno moja, kwa mwandiko wa mtu aliyeandika ubaoni maisha yake yote: Mwalimu.

Hasira yangu ya miezi yote iliishia hapo. Yule msichana alisogea, akalikagua kutoka juu hadi chini kama mwanzo.

"Ona, Madame," alisema. "Huyu iko na matope ku viatu."