Betri Mbili za Fundi wa Jabe

Fundi wangu wa umeme wa magari amefariki. Habari nilizipata juzi kule mtaa wa Jabe, kwa muuza misumari jirani na karakana yake, nilipokwenda kumsalimia. "Tulimuzika jana," aliniambia. "We ulikuwa wapi?" Nilirudi nikilia barabarani, mtu mzima na miwani yangu, wala sikuona aibu.

Wasomaji wa siku nyingi wa safu yangu hii ya gazeti wanajua kwamba vita vilipotukimbiza kutoka mtaa wetu wa Kanyosha, mimi, mama na kaka zangu wawili tulihamia mtaa wa Kibenga tukaishi ndani ya gari-nyumba, gari kubwa lenye vitanda, jiko na frigo ya kupozea chakula, tuliloachiwa na wageni waliorudi kwao. Umeme wake aliutengeneza yeye. Mimi nilidhani umeme ni umeme tu. Akanikalisha chini, akanionyesha betri mbili. "Hii ni ya kuwasha moteri. Hii ingine ni ya nyumba: taa, frigo, pompe ya maji. Moteri ikitembea, zote zinapata chakula. Moteri ikizimika, kila moja inabaki kwake. Usiziunganishe, unanisikia? Ya nyumba ikikwisha, mutakaa mu giza. Ya moteri ikikwisha, hamutatoka." Katikati aliweka kidude cha kuzitenganisha, alichokitoa kwenye gari bovu, maana wakati ule nchi imewekewa vikwazo vya biashara, kipya hakikupatikana. Mama alikuwa na pumu. Gari lile ndilo lililokuwa la kumfikisha hospitali, na fundi alilikumbuka hilo kuliko sisi wanawe.

Petroli ilikuwa adimu. Tulikaa siku nyingi bila kuwasha moteri, betri ya nyumba ikaisha. Jioni moja nilikuwa na makala ya kumaliza ya safu hii hii mnayoisoma. Nikachukua kipande cha waya, nikakiruka kile kidude, nikaziunganisha betri. Taa ikawaka vizuri. Niliandika kuhusu wajibu wa raia, Mungu anisamehe, nikalala bila kuchomoa waya wala kuzima frigo.

Alfajiri pumu ikamkaba mama. Kaka mkubwa akazungusha ufunguo mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kimya. Tukambeba kwenye kiti, tukakimbia naye. Hakufika.

Fundi, tuliyekuwa tumemtumia mtu gari lilipokataa kuwaka, alikuja na betri yake mwenyewe nyuma ya baiskeli, akatukuta tumesharudi na maiti. Alifunua kifuniko akaona waya wangu. Akaniangalia. Akauchomoa, akautia mfukoni. Kaka zangu walipomvamia kwa maneno, fundi gani wewe, umemuua mama yetu, aliinamisha kichwa. "Kosa ni yangu. Kile kidude niliweka kilikuwa kibovu." Tangu siku ile hakuna mtu wa Kibenga aliyemwita tena kazini. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, na ulimi wangu ninaojivunia, nisiseme neno.

Baadaye nilimfuata Jabe nikamwambia nataka kusema ukweli. Akakataa. "Apana. Mi nitapata gari zingine. We, ukipoteza ndugu zako saa hii, utatoa wapi wengine? Ngoja moyo zipoe." Nikangoja. Kungoja kulinifaa, ndiyo sababu niliendelea kungoja.

Vita hivi vimetuzoesha vibaya. Kila msiba ukitufika, macho yetu yanakwenda kwanza nje ya mlango, kumtafuta mwingine wa kumbebesha, na mara nyingi anayebebeshwa ni yule asiye na sauti. Mimi nimeandika dhidi ya tabia hiyo mara nyingi katika ukurasa huu, nikipongezwa, huku mtu aliyeutunza uhai wa mama yangu akipitwa na wateja kwa sababu yangu. Nilichojifunza ni kwamba ukweli una wenyewe, na wenyewe hao hufa. Fundi wangu hatausoma huu.

Kaka zangu, nyinyi mtausoma. Waya ule niliuunganisha mimi. Kesho nitakuwa nyumbani siku nzima, mlango wazi. Njooni.