Siku Clarisse Alipofungua Ziwa

Clarisse afungue ziwa? Kijiji kizima kilicheka mpaka kikashika mbavu. Mke huyu wa Gervasi huongea na kuku, huongea na jembe, na akikosa wote hao huongea na sufuria. Na anayefungua ziwa la Rubingo hatoi neno tangu juu ukingoni mpaka mguu uguse maji!

Ziwa lenyewe limekaa ndani ya shimo la mlima, duara kama chungu. Mto hauingii, mto hautoki, na kiangazi visima vikikauka lenyewe linang'aa tu. Waliotutangulia wanapumzika humo, ndiyo maana viatu vinavuliwa juu. Mafunjo yake, tunayosukia mikeka, hayakatwi mpaka korongo watoe vifaranga. Siku ikifika, mwanamke mmoja hutangulia kimya, na wanaomfuata wana ruhusa ya kumchokoza. Akijibu, kwisha habari: hakuna kukata mpaka mwakani. Na Clarisse alikuwa na binti wa kuolewa, Joan, asiye na mkeka hata mmoja wa kwenda nao.

"Mnacheka nini?" aliuliza bibi Theodosia, aliyekuwa akifungua ziwa mpaka magoti yakamgomea, na ndiye aliyemchagua. "Bubu nimsifu kwa kunyamaza?"

Basi Clarisse akavua kandambili, akaanza kushuka.

"Wifi!" Scola akaanza. "Kaka yangu anasema maharage yako yanaiva Krismasi!"

Masikio tu ya Clarisse yalicheza.

"Shemeji, mbuzi wako yumo kwenye mihogo yangu!" Gaspari akapaza sauti kutoka juu, kwa kuwa wanaume hawashuki.

Uongo mtupu! Mbuzi Clarisse alikuwa amemfunga mwenyewe asubuhi. Jibu lilimpanda mpaka kwenye meno, akalimeza.

"Jamani, anavimba!" Scola akashangilia. "Atapasuka huyu!"

Zikabaki hatua chache. Hapo mafunjo yakatikisika, wakatoka korongo wawili, mataji ya dhahabu kichwani, na nyuma yao vifaranga watatu wenye manyoya kama pamba chafu. Wakapita mbele yake taratibu, bila haraka wala hofu, kama watu wanaotoka misa. Kifaranga mmoja akajikwaa, akaanguka kifudifudi, akainuka.

Matusi yote alikuwa ameyaweza. Hili nusura limshinde! "Jamani, tazameni!" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Akakamata pindo la kitenge, akalijaza mdomoni, machozi yakamtoka kwa furaha, akatumbukiza mguu.

Maji baridi yakamla kifundoni.

Vigelegele vikapasua shimo zima! Joan alikuwa anaruka kama mtoto. Clarisse akatema kitenge, akageuka, mikono kiunoni.

"Haya! Gaspari, usikimbie, zamu yako inakuja. Scola, mume wako anakula wapi siku ukipika wewe? Kwangu! Maharage hayohayo!"

Miundu ikaanza kazi. Mpaka mzigo wa mwisho unafungwa, bado alikuwa anajibu.