Baba Mkwe na Miale Ambayo Haipo

Jamani, leo nusura ninyang'anywe mume!

Asubuhi baba mkwe katokea Nyamuswa, kaingia hapa kwetu Kigera: "Mwanangu arudi nyumbani tuchunge. Kazi gani hii ya kukodolea macho kompyuta?"

Mume wangu (mume wangu! bado sijazoea kuandika) akamweleza taratibu. Kuna chombo kitarushwa angani kupokea miale ya gama ya nyota za mbali. Ila huko juu kumejaa miale mingine itakayokipiga bila kukoma. Yeye anaiigiza kwenye kompyuta, ili wanaokirusha wajue mapema ni mingapi.

Mimi nipo mlangoni na sinia la chai.

"Kwa hiyo unahesabu miale ambayo haipo?"

"Bado haijakipiga chombo, baba."

Nikajua tumekwisha.

Mzee akakuna kidevu. "Ng'ombe zangu zikitoka mtoni zinakujaga na za jirani. Nisipojua za jirani ni ngapi, zangu nitazijuaje?"

"Ndiyo kazi yangu, baba!"

Akapiga simu kwa mdogo wake kijijini: "Tafuta mchungaji mwingine. Huyu ng'ombe za jirani zimemzidi."

Nimemkumbatia mume wangu mbele ya mkwe, aibu nimeiona baadaye!

Nyie wakwe zenu wakoje?