Nyota Iliyozimika Juu ya Rugenge

Walisema sitarudi kutoka Tanzania na kitu zaidi ya godoro la kambi ya wakimbizi. Nilirudi na diploma ya upimaji wa ardhi, yenye muhuri na picha yangu nikiwa na tai. Walisema ofisi yangu ya Rugenge, mtaa wetu hapa Uvira, haitamaliza msimu mmoja wa mvua. Imemaliza minne, na bati lake halijavuja. Halafu mwaka jana, wakati wa kiangazi, nilipotangaza kwamba nitawaonyesha jiwe linalozunguka jua mbali kupita Mirihi, dogo, jeusi kama makaa, ambalo hata wenye darubini kubwa hulitafuta kwa shida, walisema hilo sasa sitaliweza hata nikirudi shule.

"Utatuonyesha kintu haionekane?" aliniuliza mama jirani anayechaji simu za watu kwa betri za gari. "Namna gani?"

"Nitawaonyesha kile litakachokificha."

"Weye ulisoma sana," alisema, akaendelea kupanga simu zake.

Nilikuwa nimelieleza jambo hilo kwa yeyote aliyekaa kunisikiliza. Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna mawe mengi yanayolizunguka jua, na wataalamu huyaita asteroidi. Hili moja upana wake haupiti sana safari ya kutoka Uvira hadi Kiliba, na karibu halirudishi mwanga wowote. Huwezi kuliona. Lakini mara chache sana hupita mbele ya nyota, na hapo nyota huzimika kwa sekunde mbili hivi, kisha huwaka tena. Aliye chini ya kivuli hicho chembamba huona. Aliye nje yake haoni kitu. Watu wanaopima sekunde hizo kutoka sehemu mbalimbali wakiunganisha vipimo vyao hupata umbo la jiwe ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mimi nilikuwa nimejiunga nao kwa simu tangu nikiwa Dar es Salaam, nilikokuwa nikiosha magari mchana na kusoma jioni. Walipotuma ramani ya kivuli, niliipanua kwa vidole mpaka nikaona mstari umepita juu ya mtaa wetu. Kati ya watu wote wa Uvira, ni mimi peke yangu niliyejua. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Darubini nilikuwa nayo, nimeinunua kwa jasho langu. Vingine niliazima. Mama wa simu alinipa betri. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili alinipa ufunguo wa paa lake la zege, mahali pekee panapokaa juu ya miembe na bati za watu. Mke wa mvuvi, ambaye mumewe alikuwa amepiga kambi upande wa Baraka mpaka mbalamwezi irudi, alinipa turubai la kukinga upepo wa ziwa. Yaya, dada yangu mkubwa ninayeishi naye, alinipa sufuria lake kubwa la harusi bila kuuliza la nini. Alifikiri nataka kuchemsha chai.

Nilipokuwa nabeba turubai na sufuria njiani, wakati wa magharibi, mzee mmoja alinisimamisha.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mzee."

Alitazama turubai, akatazama sufuria, vitu ambavyo kwetu hutoka nyumba moja kwenda nyingine siku za kilio. "Basi bado," alisema, akapita.

Sikulichukulia neno lile kwa uzito. Nilipaswa kufanya hivyo.

Usiku huo hapakuwa na mwezi. Ziwa lilikuwa na taa za wavuvi wa ndagala, dagaa wa kwetu, zilizopangana hadi upande wa Burundi, na moshi wa mashamba yaliyochomwa uwandani ulikuwa umetulia chini, hata milima ya nyuma yetu ilionekana kama ukuta usio na mlango. Nilifunga turubai, nikaunganisha betri, nikaielekeza darubini kwenye nyota yangu. Ilikuwa nyota ya kawaida tu, ya rangi ya manjano kidogo. Kule Lubarika binamu yangu mkulima alikuwa ameketi kando ya shamba lake la mpunga na darubini ndogo ya mkononi niliyompa, akiitazama nyota ileile.

Kipimo chenyewe ni rahisi ukikijua. Simu inarekodi sauti huku ikitaja saa, sekunde kwa sekunde. Wewe unatazama. Nyota ikizimika unafanya sauti moja kali, ikiwaka unafanya nyingine. Sauti ya mdomo huchelewa na kuvutika, ndiyo maana wengine hutumia kengele. Mimi nilikuwa na sufuria na mwiko wa chuma.

Saa tisa na nusu usiku, sekunde ileile niliyoitangaza, nyota iliondoka.

Haikufifia. Haikutikisika kama inavyotikisika nyota iliyo karibu na milima. Ilikuwapo, kisha mahali pake palikuwa peusi kuliko weusi uliopazunguka, au ndivyo jicho langu lilivyoniambia. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu sekunde hizo, lakini hakuna aliyeniandikia kwamba mgongo wangu ungepata baridi, kana kwamba kitu kikubwa kimeinama juu ya paa kunitazama natazama. Hakikuwa na sauti. Kivuli chake kilikuwa kinapita juu ya mji mzima, juu ya watu waliolala midomo wazi, na hakuna aliyegeuka kitandani.

Niligonga sufuria. Nikahesabu moja, mbili. Nyota ikarudi palepale. Nikagonga tena.

Ndipo sauti ya tatu ya sufuria iliposikika, na haikuwa yangu.

Ilitoka nyumba ya jirani. Kisha nyingine ng'ambo ya barabara, kisha filimbi, kisha sufuria kumi, hamsini, sauti ikipanda mtaa kwa mtaa kuelekea mlimani na kushuka hadi ziwani, mpaka sikuweza kusikia simu yangu ikitaja sekunde. Nilipokuwa ng'ambo, wezi wenye silaha walianza kuingia nyumbani mwa watu, na mtaa ulipatana: anayewasikia agonge sufuria, jirani apokee, asiwepo wa kubaki amelala. Mpatano huo ulifanyika mimi sipo. Hata hivyo nilikuwa nimeishi na sauti hizo miaka minne. Diploma yangu ilinifundisha kupima sekunde. Kitu kinachojulikana na kila mtoto wa Rugenge sikuwa hata nimekifikiria.

Wanaume walifika chini ya paa na mapanga na tochi. Nyuma yao niliona wanawake wakishuka kuelekea ufukweni, watoto mgongoni na vifurushi kichwani.

"Wako wapi?" mmoja aliita.

"Hakuna mwizi," nilisema. "Nyota imezimika."

Tochi zilizimwa, moja baada ya nyingine. Wote walitazama juu. Mbingu ilikuwa imejaa, hakuna kilichopungua.

"Yote iko," alisema mwingine.

"Imesharudi. Ilizimika sekunde mbili. Niligonga ilipozimika."

Kisha sauti ya kijana mmoja wa kiwanda cha matofali ikatoka gizani, taratibu. "Minye sikuwa nalala. Minye nilisikia kugonga kwanza, mbele ya nyota kuzimika."

"Hukuwa unatazama juu!"

"Na weye ulijua saa yake tangu wiki iliyopita," alisema. "Weye njo ulituambia."

Hawakunigusa. Walirudi nyumbani wakizungumza chini kwa chini, na nilibaki juu ya paa mpaka kulipokucha, nikiwaona wanawake wakipanda kutoka ziwani na vifurushi vyao. Kila aliyefika usawa wa paa aliinamisha kichwa asinitazame.

Asubuhi binamu yangu alipiga simu kutoka Lubarika. Nyota yake haikuzimika hata kidogo. Alikuwa ameitazama bila kupepesa na ilibaki inawaka. Kwa vipimo, hiyo ni habari nzuri sana, kwa sababu inaonyesha ukingo wa kivuli. Nilifurahi, nikaisema habari hiyo kwa sauti kwenye kibanda cha mama wa simu. Kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba nyota ilizimika mahali nilipokuwa mimi, na penginepo pote haikuzimika.

Nilianza kurudisha vitu siku ileile. Kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu, kwa hiyo nilitia chumvi katika karatasi, nikaifunga juu ya betri niliyoijaza umeme.

Mama wa simu alikaa na mikono mapajani. "Iweke huko kwako kwanza."

"Si unaihitaji kwa kazi?"

"Niko na zingine."

Alikuwa na moja tu, na watu walisimama foleni. Mke wa mvuvi alisema atamsubiri mumewe. Mwalimu, mtu aliyenifundisha hesabu, alizungumza nami kupitia dirisha lenye nondo na kuniambia ufunguo anao mwingine. Hata Yaya, chini ya paa langu, alinunua sufuria dogo sokoni na lile kubwa akaliacha kona, ndani likiwa na mwiko. "Kama ungeniambia iko ya kugonga, singekupa," alisema.

Vitu vilikaa sebuleni kwangu. Usiku niliviona nikienda kunywa maji: betri, turubai lililokunjwa, ufunguo juu ya meza, sufuria. Vilikuwa vimepangana kama watu wanaosubiri kuitwa. Kuna usiku niliwasha taa ili nihakikishe ni vinne tu.

Nilijua maana yake. Mtu ambaye watu hawapokei kitu kutoka mkononi mwake ameshahukumiwa kuwa mchawi. Kilichobaki ni siku ya kumjia. Mjane aliyekuwa amenikodi kupima kiwanja chake alituma mtu kusema ameahirisha. Mwingine aling'oa mambo zangu, vile vigingi vya mipaka, usiku, akazilaza mbele ya ofisi yangu, safi, zimeoshwa udongo. Wenzangu wa vipimo walinitumia mchoro wa jiwe lile, na mstari wa Uvira umelikata karibu na katikati, kipimo bora kuliko vyote vya usiku ule. Niliuchapisha mchoro huo na kuubandika ukutani. Hakuna aliyeingia kuutazama. Ulikuwa umbo jeusi lililobonyea upande mmoja, na baada ya siku chache nilijikuta nami sipendi kukaa nalo chumba kimoja.

Mbalamwezi ilirudi, na wavuvi wakarudi nayo, kwa sababu ndagala hawafuati taa mwezi ukiwaka. Mume wa yule mama wa turubai alinikuta kibandani jioni ya kwanza, nikisubiri simu yangu ijae. Wengine walikuwa wamesogea upande wa pili wa benchi. Mwalimu alikuwepo, na Yaya alikuwa amekuja kuchukua simu yake.

"Nimeambiwa weye ulizima nyota," mvuvi alisema.

"Sikuizima. Ilifichwa."

"Iliwaka tena?"

"Ndiyo."

"Palepale? Haikusogea?"

"Palepale."

"Na mutu wa Lubarika hakuona kintu."

"Hakuona."

Alikaa kwenye benchi, upande wangu. "Ile minye nimeiona," alisema. "Kwenye maji."

Alieleza polepole, akinitazama mimi tu. Usiku mmoja alikuwa anahesabu taa za wenzake, kama wanavyofanya wote ili wasipotezane. Taa moja ilikosekana, ikarudi. Kisha ile ya pili yake ikakosekana, ikarudi. Hapakuwa na upepo wala mvua. Alimwita mwenzake wa mtumbwi wa jirani, naye akajibu kwamba taa zote anaziona. "Njo nikajua. Kuna mutumbwi bila taa kati yetu. Hauonekane, lakini unakata taa za batu mbele yangu. Si mbele yake." Akaonyesha ziwani kwa kidole. "Tulizima zetu tukalala chini. Batu ba upande ule walipoteza injini, na mutu moja."

Mama wa simu aliacha kazi. "Na huyo wa juu? Yeye anakuja kuiba nini?"

Hakuna aliyecheka. "Haibi," nilisema. "Ni jiwe. Linazunguka tu."

"Iko moja?"

"Ni mengi. Hatujui idadi yake."

Mvuvi alitazama juu, na wote wakatazama pamoja naye, hata mimi. Mbalamwezi ilikuwa imefuta nyota nyingi. "Batu bengi bila taa," alisema. "Na sisi tunalala."

Mama wa simu alijifunga kitenge upya. "Kama iko jiwe tu, nirudishie betri yangu. Kazi imelala."

Nilivirudisha kesho yake mchana, mlango kwa mlango, watu wakitazama. Betri ilipokelewa kwanza, na chumvi yake. Mwalimu alitoka nje safari hii, akachukua ufunguo, akaniuliza kama ningemwekea mambo za kiwanja chake cha Kalundu kabla ya mvua. Yaya alipokea sufuria likiwa na ndagala ndani, akalipeleka jikoni. Turubai lilikuwa la mwisho. Mke wa mvuvi alilikunjua uani, akahesabu matundu ya kamba moja moja, akalikunja tena. Kisha akanipa mkono, na hakuuondoa haraka.